Karani wa Forodha na Hekaya ya Adili

Mwaka 1952 kampuni ya Macmillan ya London ilitoa kitabu chembamba cha Kiswahili kilichoitwa Adili na Nduguze, na tangu hapo kitabu hicho hakikupata kutoka mikononi mwa vijana wa Afrika ya Mashariki: kilisomwa shuleni chini ya bendera ya Mwingereza, kikasomwa baada ya bendera hiyo kushushwa, na watoto wa wale waliokisoma kwanza wakakisoma nao kwa zamu yao. Mtungaji wake, Shaaban Robert, alikuwa wakati huo mtu wa miaka 43, karani wa serikali mjini Tanga, aliyekwisha jipatia jina kwa mashairi yake katika gazeti la Mambo Leo na kwa vitabu viwili vya nathari, Maisha Yangu wa mwaka 1949 na Kusadikika wa mwaka 1951. Wasomaji wengi wamekizoea kitabu hiki kama hekaya ya majini na manyani, wakakiweka katika fungu la mambo ya utotoni, na hawakuona haja ya kuuliza mtu aliyekiandika alikuwa akiishi vipi alipokiandika. Mimi naona kwamba hakuna kitabu chake, hata kile alichosimulia maisha yake mwenyewe, kinachoonyesha kwa siri zaidi mambo yaliyomshughulisha moyoni. Na siri hiyo haimo katika vituko vya hekaya, maana vituko vingi alivirithi, bali imo katika yale aliyoyabadili.

Kisa chenyewe asili yake ni ya mbali. Katika Alfu Lela Ulela, karibu na mwisho wa mikesha yake elfu na mmoja, mna habari ya Abdallah bin Fadhil, amiri wa Basra, na ndugu zake wawili, Mansur na Nasir, waliogeuzwa mbwa na jini wa kike kwa hiana waliyomtendea ndugu yao, ambao amiri yule alilazimishwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Na Khalifa Harun al-Rashid akaipata habari ile ya ajabu kwa kinywa cha mjumbe aliyempeleka Basra kudai kodi iliyochelewa. Aliyesoma Adili na Nduguze atautambua mhimili mzima. Basra imekuwa Janibu, khalifa amekuwa Mfalme Rai wa Ughaibu, mjumbe amekuwa Ikibali, amiri amekuwa Adili, na wale ndugu wawili wamepewa majina yasiyoficha kitu, Hasidi na Mwivu.

Asije mtu akasema kwamba huo ulikuwa wizi, kwa sababu atakuwa ameihukumu pwani kwa kanuni isiyo yake. Hekaya za Bara Arabu na Hindi na Uajemi zilikuwa zikisafiri kwa majahazi pamoja na tende na mazulia karne nyingi kabla ya kiwanda cha chapa kufika Unguja, na kila fanani aliyeipokea hekaya aliihesabu kuwa amana yake, aipunguze, aipambe, aivalishe majina ya kwao, mradi asimchoshe msikilizaji. Askofu Edward Steere alipokusanya masimulizi ya watu wa Unguja na kuyatoa London mwaka 1870, aliyakuta tayari humo mambo ya Alfu Lela yakisimuliwa kwa Kiswahili safi: kisa cha Hassibu Karimddini na mfalme wa nyoka, na hekaya ya Mohammadi Mtepetevu, ambayo katika asili yake ya Kiarabu mna kima ambaye kumbe ni jini. Baadaye, katika miaka ya 1920, Edwin Brenn na Frederick Johnson walitafsiri sehemu ya kitabu hicho ili kisomwe katika shule. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, aliweza kuipata hekaya kwa milango miwili, wa sikio na wa jicho, na hapana ajabu kwamba alipotaka kuwaambia vijana jambo zito alichagua chombo walichokwisha kukizoea.

Maisha yake ya kidunia yalikuwa ya ofisini. Alisoma Dar es Salaam toka 1922 hata 1926, akawa wa pili katika watahiniwa 11 waliopata cheti cha kumaliza masomo, na mwaka huo huo wa 1926 akaandikwa kazi ya ukarani katika idara ya forodha, kazi aliyoifanya Pangani na mahali pengine kwa muda wa miaka 18. Yampasa msomaji wa leo ajitahidi kuiona kazi hiyo kama ilivyokuwa. Jahazi linatia nanga mlangoni mwa mto, nahodha anapanda ngazi na hati ya shehena, na mtu wa kwanza anayekutana naye nchini ni karani: anahesabu magunia, anasimamia mizani, anaandika ushuru, anapokea fedha, na jioni hesabu ya daftari lazima ilingane na hesabu ya sanduku. Juu yake kuna mkubwa wa Kizungu ambaye mshahara wake haulingani na wake hata kwa mbali. Mbele yake kuna mfanyabiashara anayependa mzigo wake upite bila kupimwa sana. Kati ya wakubwa na wenye mali karani anaishi kwa jina lake jema tu, na likipotea hilo hana kingine cha kushika.

Hekaya ya Basra huanza na kodi isiyofika kwa wakati, na karani wa forodha aliyeisoma hakulazimika kuambiwa uzito wa jambo hilo. Katika maandishi ya Shaaban Robert habari ya kodi ya Janibu haikuwa kisingizio cha kumtoa mjumbe mjini, kama ilivyo aghalabu katika visa vya kale ambavyo mfalme hutaka mali kwa sababu wafalme hutaka mali; imekuwa ni habari ya utawala, ya liwali anayepaswa kutoa hesabu, ya mfalme anayetaka kujua kwa nini, na ya mjumbe mwaminifu anayeeleza aliyoyaona kwa macho yake bila kuongeza wala kupunguza. Adili anashukiwa, anaitwa barazani, anajieleza, na sehemu kubwa ya kitabu ni maelezo yake mbele ya mfalme anayesikiliza. Mwaka mmoja kabla yake, katika Kusadikika, Karama naye alisimama mbele ya mfalme wa nchi iliyo angani, akishtakiwa kwa kutaka kufundisha watu mambo ya sheria, akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Vitabu viwili vinavyofuatana hivyo, kila kimoja kikisimama juu ya mshtakiwa na mfalme na masimulizi, havikupata umbo lao kwa sadfa. Vimetoka katika mkono wa mtu aliyekaa miaka mingi mahali ambapo hatima ya mnyonge hutegemea kama mkubwa atakubali kusikiliza mpaka mwisho, tena katika nchi iliyokuwa chini ya serikali ya kigeni, ambako malalamiko ya wazi juu ya dola hayakuwa na nafasi ya kuchapishwa. Ughaibu na Janibu na Kusadikika zilikuwa nchi ambazo mtu aliweza kusema ndani yake.

Badiliko la kwanza kubwa ni la wanyama. Mbwa wawili wa Basra wamekuwa manyani, na msomaji aweza kusema kwamba mtungaji Mwislamu wa pwani hakutaka mbwa wakae ndani ya nyumba ya liwali mwema, jambo ambalo lina maana yake. Lakini nadhani sababu hiyo haitoshi. Kitabu kinafunguka kwa sifa za Mfalme Rai, na sifa inayokaliwa sana ni mapenzi yake kwa wanyama, mfalme ambaye katika nchi yake kumwonea mnyama ni kosa la kujibiwa. Khalifa wa Baghdad hakuwa na tabia hiyo. Na sasa tuitazame sahifa ya utumishi wa mtungaji: mwaka 1944 alitoka forodhani, akahamishwa kwenda idara ya wanyama, akaitumikia mpaka 1946. Alikuwa amepata, basi, kukaa na madaftari ya ushuru na kisha madaftari ya mambo ya wanyama kabla ya kurudi Tanga katika ofisi ya wilaya, na katika hekaya yake mambo hayo mawili yamefungwa pamoja kwa ustadi: kodi ndiyo inayompeleka Ikibali Janibu, na mapigo ya wanyama ndiyo yanayomrudisha kwa mfalme na mashtaka. Siwezi kusema kwamba bila ya miaka ile miwili Mfalme Rai asingependa wanyama. Nasema tu kwamba mtu aliyeandika kwamba dola huhukumiwa kwa namna inavyomtendea kiumbe asiyeweza kushtaki, aliyaandika hayo akiwa ametoka katika kazi iliyomfanya amfikiri kiumbe huyo kila siku.

Tukio la usiku ndilo linalobaki katika kumbukumbu za wote waliokisoma kitabu hiki utotoni, nami naliona kuwa ni moja katika kurasa bora za nathari ya Kiswahili ya karne ile. Ikibali amepokewa kwa heshima zote. Chakula kimeliwa, mazungumzo yamekuwa matamu, na mgeni na mwenyeji wamelala. Usiku mwenyeji anaondoka kitandani kwa kunyata. Mgeni, ambaye hakupata usingizi, anamfuata na kuchungulia, na anachokiona hakiingii akilini: liwali ambaye mchana kutwa watu walimsifu kwa huruma anamshika nyani, anampiga mpaka hana nguvu, kisha anamwendea wa pili naye anampiga vivyo hivyo, na alipokwisha kupiga, mtu yule yule analia, anawabembeleza, anawalisha, anawatendea kwa upole kama wagonjwa. Mkono unaopiga na mkono unaolisha ni mmoja. Mtungaji hamwelezi kijana sababu mahali hapo. Anamwacha akae na mashaka yake muda mrefu, pamoja na Ikibali, mpaka Adili mwenyewe afungue kinywa mbele ya mfalme na kusema kwamba manyani wale ni ndugu zake wa damu, na kwamba asipowapiga, jini Huria aliyewageuza atampiga yeye.

Mwenye kusoma jambo hilo mwaka 1952 au 1955, kijana wa miaka kumi na mitano katika darasa la middle school, alikuwa akiijua fimbo vizuri. Aliijua nyumbani, aliijua chuoni kwa mwalimu wa Kurani, aliijua shuleni, na katika nchi ile hata mahakama zilikuwa bado zikihukumu watu wachapwe. Aliambiwa kila siku kwamba anayempiga anampenda. Kitabu kikamwonyesha mpigaji anayelia kwa kweli, anayeona kila pigo limemwangukia yeye, na ambaye shida yake yote ni kutafuta njia ya kutoka katika wajibu wa kupiga. Sijui kitabu kingine cha vijana cha zama zile kilichoitazama adhabu kutoka upande huo bila ya kuihubiri wala kuilaani. Mtungaji mwenyewe alikuwa baba.

Na hapo ndipo maisha yake yanapoingia kwa nguvu kupita mahali pengine pote. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki dunia akamwachia watoto na majonzi ambayo aliyaimba katika shairi lenye jina la marehemu, shairi ambalo Waswahili wengi huanza kumjua Shaaban Robert kwa hilo. Na katika Maisha Yangu anaeleza jinsi mambo ya ndoa, mauti na ulezi yalivyompitia. Humo humo ametia tenzi mbili za nasaha. Ya kwanza, Hati, aliitunga kwa ajili ya binti yake, Mwanjaa. Ya pili aliitunga kwa ajili ya mwanawe wa kiume, Suleiman, na jina la utenzi huo wa pili ni Adili. Jina la wosia aliomwandikia mwanawe akalitwaa tena, miaka michache baadaye, akampa shujaa wa hekaya. Wanaoichambua hekaya kwa kuilinganisha na Alfu Lela peke yake huipita habari hii, na kwa maoni yangu kuipita ni kuupoteza ufunguo.

Kwani tenzi hizo mbili zenyewe zilikuwa na nasaba. Desturi ya mzazi kumwandikia mwanawe wosia kwa ushairi ni ya kale katika pwani hii, na mfano wake mtukufu ni utenzi alioutunga Mwana Kupona binti Mshamu mwaka 1858, alipokuwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mzazi anayeona kwamba siku zake si nyingi, au anayejua kwamba kazi itamweka mbali na nyumba, huandika ili maneno yake yakae mahali pake. Shaaban Robert, karani aliyehamishwa huku na huko kwa amri ya wakubwa, aliyeona kwa macho yake nyumba inavyopoteza mzazi mmoja ghafula, aliipokea desturi hiyo kwa sababu aliihitaji. Lakini utenzi wa nasaha una mpaka wake: unasemwa na mzazi mmoja kwa mtoto mmoja, na kijana asiyekuwa Suleiman husikiliza kama mtu aliyesimama dirishani. Ili wosia uwafikie vijana wa nchi nzima, ambao wengi wao walikuwa bweni mbali na wazee wao, ilibidi uache kuwa wosia. Katika Adili na Nduguze baba hasemi. Baba amekufa mwanzoni mwa kisa, ameacha mali na wana watatu, na kila mmoja anaonyesha kwa matendo yake kama malezi yalimwingia au yalimpita.

Jinsi wana hao wanavyoitumia mali yao, mtungaji amelieleza jambo hilo kwa makini ya mtu wa hesabu. Urithi unagawanywa kwa haki. Hasidi na Mwivu wanachukua sehemu zao na kwenda nazo safari, wanarudi mikono mitupu. Adili, aliyebaki na kufanya biashara kwa subira, anakigawa tena alicho nacho ili ndugu zake waanze upya. Hawasemi hapana. Ni ukarimu huo hasa unaowatia uchungu, maana hasidi huweza kumsamehe adui yake kwa urahisi kuliko kumsamehe aliyemsaidia, na hapo mtungaji ameiona tabia ya mwanadamu kwa undani ambao hauhitaji jini. Safari ya pamoja baharini, Adili kumwokoa kiumbe aliyekuwa katika hatari ambaye kumbe ni Huria, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na Mwelekevu, binti wa pekee aliyebaki hai humo, yote hayo yanafuata kwa kasi na kwa mpango ule ule wa hekaya ya Basra, mpaka usiku ambao ndugu wawili wanawatosa majini Adili na mchumba wake. Sikai sana hapo, kwa kuwa humo Shaaban Robert ni fanani mwaminifu wa kisa cha watu wengine, ijapokuwa Mwelekevu wake, mwanamke mwenye akili na msimamo anayekaa peke yake katika imani yake, ananikumbusha heshima ambayo mtungaji huyu aliwapa wanawake tangu Hati ya Mwanjaa mpaka Wasifu wa Siti Binti Saad wa mwaka 1958, alipoyaandika maisha ya mwimbaji mwanamke wa Unguja, aliyezaliwa katika ufukara, kwa taadhima ambayo waandishi wengine waliwawekea masultani.

Badiliko la mwisho ndilo lililo zito. Katika asili ya Kiarabu, Mansur na Nasir wanarudishiwa umbo la watu kwa shafaa ya khalifa, wanapokewa, wanastareheshwa, kisha wanafanya njama ya pili na kumtosa ndugu yao mtoni. Anaokolewa, nao wanauawa kwa amri ya dola. Kisa kile hakimwamini mkosefu. Kinasema kwamba mtu akishakuwa mbwa kwa tabia, sura ya mtu haimfai kitu. Shaaban Robert alikuwa na kisa hicho mbele yake, na kulipiza kisasi mwishoni ni jambo linalopendeza masikio ya vijana, tena lingempa sura nyingine ya kusisimua, lakini alilikata. Hasidi na Mwivu wanarudishiwa utu wao kwa shafaa ya Mfalme Rai, wanatubu, na toba yao inakubaliwa. Hakuna njama ya pili. Hakuna mti wa kunyongea. Kitabu kinaishia katika furaha ya nyumba iliyounganika.

Wako waliokiona kikomo hicho kuwa ni udhaifu, wakasema kwamba watu wa Shaaban Robert ni sifa zilizovishwa kanzu, kwamba Adili ni mwema mno na nduguze wabaya mno, na kwamba dunia hairekebiki kwa urahisi huo. Katika Adili mwenyewe lawama hiyo ina haki yake. Hatumwoni akitetereka hata mara moja, na kijana mwenye kutetereka hupata tabu kujitia mahali pake. Lakini hebu tumfikiri msomaji ambaye kitabu kiliandikwa kwa ajili yake. Kijana wa miaka kumi na sita hajioni kuwa Adili. Amekwisha kuhusudu, amekwisha kusema uongo, amekwisha kumfanyia mwenziwe jambo analolionea haya usiku, na anaposoma habari za wale wawili wanaopigwa gizani anajua kwa hakika anahesabiwa miongoni mwa akina nani. Hekaya ya Basra ilikuwa imemwambia kwamba mwisho wake ni mti. Mtungaji aliyekuwa na mwana wa kumlea hakuweza kumwambia mwanawe hivyo. Ninaposoma sura za mwisho naona kwamba mhimili wa kitabu umehama bila ya kelele kutoka kwa yule mwema kwenda kwa wale wawili wabaya, na kwamba swali alilokuwa nalo karani wa Tanga lilikuwa ni hili: je, mtu aliyepotoka hurudije miongoni mwa watu, na wale aliowakosea wafanye nini anapobisha hodi?

Kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo wasomaji wa mwaka 1952 hawakuwa na njia ya kulijua. Mtu huyu aliyetupa katika Kiswahili mfano mashuhuri wa ndugu wabaya alikuwa na ndugu mwema. Yusuf Ulenge, nduguye, alikuwa mwalimu na mwandishi pia, mwenye kitabu cha hadithi kiitwacho Nguzo ya Maji, na kwa muda wa miaka mingi Shaaban Robert alimwandikia barua kutoka kila kituo ambako kazi ilimpeleka, barua za habari za nyumba, za kazi, za vitabu na matumaini ya vitabu. Zilikusanywa na Mugyabuso Mulokozi, zikachapishwa Dar es Salaam mwaka 2002, nazo zinakwenda toka 1931 hata 1958. Yaani zinaanza mtungaji akiwa kijana wa forodhani na zinamalizika akiwa mtu wa fahari katika lugha yake, na katikati yake, katika miaka ile ile ya barua, hekaya ya Adili ilitungwa na kuchapishwa. Kwa mtu mwenye ndugu wa namna hiyo, undugu haukuwa nadharia. Hakuandika juu ya Hasidi na Mwivu kwa uchungu wa aliyesalitiwa na watu wa nyumbani kwake, na ndiyo maana, naona, aliweza kuwaandika bila chuki: alijua undugu ukikamilika huwa na sura gani, akawapima wale wawili kwa kipimo hicho, na akataka warudi.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, naye hakufika miaka hamsini na minne. Vitabu vingine vya nathari alivyoviacha, Kufikirika mwaka 1967 na Utubora Mkulima mwaka 1968, vilitoka baada ya kufa kwake, na katika Utubora Mkulima tunamkuta tena karani, safari hii karani anayeiacha ofisi na mshahara wake kwenda kulima. Waalimu wa leo wana vitu ambavyo waalimu wa 1952 hawakuwa navyo vyote: Maisha Yangu pamoja na tenzi zake mbili, barua kwa Yusuf Ulenge, na hekaya ya Abdallah bin Fadhil katika tafsiri mbalimbali. Hata hivyo Adili na Nduguze huendelea kutolewa peke yake, na kijana hupewa maswali ya mwisho wa sura juu ya wahusika na mafunzo, kana kwamba kitabu kilijiandika. Laiti mchapishaji mmoja angevifunga pamoja katika jalada moja hekaya, utenzi wa Adili na baadhi ya barua, na mwalimu akawaomba wanafunzi wake watafute wenyewe mahali ambapo kisa cha Basra kimekatwa. Nina yakini kwamba wangefika kwenye sura za mwisho bila ya kuonyeshwa, na wangeuliza ni nani aliyekuwa na sababu ya kukata hapo.